Nilivyokuwa jaji wa mashindano ya skates Iringa nikampa mpwa wangu nne na nusu kabla hajaingia uwanjani

Wakuu, kamwene kwa wa Iringa, na wa kwetu Mbeya ugonile.

Hiki ninachoandika kilinipata mimi mwenyewe, kwa macho yangu haya na kalamu yangu hii. Sijaongeza chumvi. Kuna sehemu mtanicheka, nichekeni tu. Dada yangu ameshanicheka na bado anaendelea, kwa hiyo sina kipya cha kuogopa.

Mods naomba msiupeleke uzi huu kwenye jukwaa la vichekesho. Ni la michezo hili, na mimi nilikuwa jaji kabisa, nina na kitambulisho.

Kwa kifupi, mimi nauza viatu vya mitumba pale Mbalizi. Wenzangu mnaofungua marobota mnajua, ndani ya viatu vya kawaida huwa zinatoka na skates, vile viatu vya magurudumu. Jozi mbili, jozi tatu. Hazinunuliki. Mtu anazishika, anazungusha magurudumu, anacheka, anaondoka.

Kama miaka minne hivi iliyopita nikapata wazo la kibiashara. Nikamchukua mpwa wangu Tusajigwe, sisi tunamwita Tusa, binti wa dada yangu, nikamvalisha jozi moja nikamwambia pita pita hapo sokoni watu waone. Awe tangazo.

Siku ya kwanza aliangukia kwenye fungu la viazi vya watu. Nikaombewa msamaha na wazee.

Baada ya miezi sita yule mtoto alikuwa anaenda kinyumenyume katikati ya matoroli ya kabichi bila kugusa mtu. Anaruka, anajizungusha hewani, anatua na mguu mmoja. Mamalishe walikuwa wanaacha kupakua wanamwangalia. Tangazo likaishia pale, kikaanza kitu kingine.

Nikawa kocha wake. Najua mtauliza, wewe unajua kuskate? Hapana wakuu. Mimi juu ya magurudumu sijawahi kumaliza dakika moja. Lakini nilikuwa naangalia yale mashindano ya wazungu wanaoteleza kwenye barafu na muziki, na magauni yanayong'aa. Nimeyaangalia sana, mpaka mke wangu alidhani nina tatizo.

Na hapa ndipo pa kunielewa, kwa sababu nilikuwa nagombana na TV.

Yule mchezo una majaji wanakaa mezani wanatoa alama. Kuna alama za ufundi, yaani umeruka mara ngapi na umetuaje. Halafu kuna alama za mvuto wa jumla. Sasa kwenye mvuto ndiko siasa zote zinakofichwa. Mtu ana jina kubwa, anatoka nchi yenye sifa, anaanguka chini puu, anainuka, anapewa alama kama hajaanguka. Mtoto wa nchi isiyojulikana anamaliza bila kosa, anapewa makofi na nafasi ya kumi na moja.

Nilikuwa nasimama sebuleni nanyoosha kidole. "Mmeona? Mmeona? Wamempa jina, hawajampa mchezo!" Mke wangu ananiambia kaa chini chai inapoa.

Nawaambia haya ili mjue kwamba nilikuwa naujua ugonjwa kabla sijaugua.

Basi bana. Mwaka huu ikaja taarifa kwamba kuna mashindano ya kuskate kwa muziki Iringa mjini, ya mikoa yetu hii ya nyanda za juu. Mshindi mmoja tu, narudia mmoja, anapelekwa kambi ya mafunzo Dar miezi sita, chini ya makocha wanaojua kazi.

Kwa Tusa hii ilikuwa ni kufa au kupona. Ameshamaliza form four. Baba yake, shemeji yangu, ni mkulima na mzee wa kanisa, mtu mwema lakini akisema kitu kimesemwa. Alisema hivi: mwaka huu ni wa mwisho. Akipata hiyo nafasi aende. Asipoipata, viatu vinarudi kwa mjomba wake robotani, yeye anaanza ushonaji, na mazungumzo yamefungwa.

Tusa hakulia. Alisema tu, "Sawa baba." Halafu kwa wiki nane akawa anafanya mazoezi asubuhi mpaka mguu unavimba.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu.

Wiki mbili kabla, napigiwa simu na waandaaji. Wanatafuta majaji. Wamesikia Mbalizi kuna mtaalamu wa skates. Wakuu, mtu hujawahi kuitwa mtaalamu maisha yako yote, siku unaitwa, utakataa? Nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Wakauliza kama nina ndugu anayeshiriki.

Nikasema hapana.

Msinirukie kwanza. Nilijua nikisema ndiyo wananitoa. Na nikajiambia, bora awepo jaji mmoja anayejua mchezo kuliko wasiwepo kabisa, hata Tusa mwenyewe atafaidika. Ndivyo nilivyojidanganya.

Tukiwa njiani kwenye basi, baada ya Makambako, nikamwambia, "Tusa, tukifika kule mimi siyo mjomba. Usinisogelee. Niite Jaji." Mama yake alikuwa pembeni, akageuka akanitazama kama anaona mgonjwa. Tusa akasema, "Sawa Jaji." Halafu akarudi kulala.

Uwanja ulikuwa wa basketball wa shule moja pale mjini. Iringa siku hiyo ilikuwa ile Iringa yenyewe. Baridi, ukungu umekaa kwenye mawe, na manyunyu yanakuja yanaenda. Majaji tuliwekewa hema na meza, upande wa mbali na uwanja, pembeni ya jenereta. Jenereta lile lilikuwa linanguruma hatusikii chochote anachosema mtangazaji. Hili lishikeni.

Majaji tulikuwa wanne.

Mkuu wetu alikuwa Mwalimu Sanga, mwalimu mstaafu, amekuwa akiamua mashindano ya kwaya na ngoma tangu sisi wengine tuko shule ya msingi. Anaishi Mlandege na anaheshimika mpaka mbwa wanampisha.

Wa pili alikuwa Mama Mchungaji. Mcheshi, amekuja na chupa kubwa ya chai na maandazi ya kututosha wote.

Wa tatu mwenyekiti wa bodaboda kutoka Ilula, tulikuwa tunamwita Chairman tu. Yeye aliitwa ujaji kwa sababu ndiye aliyeazimisha helmeti. Waandaaji walisema usalama kwanza, kila mshiriki avae helmeti, na Chairman akaleta zile za bodaboda, zinazofunika uso wote mpaka kidevu, nyeusi, zote sawa.

Wa nne mimi, mtaalamu.

Waandaaji tena wakawapa washiriki wote saba tracksuit za bluu zinazofanana. Namba waliandika kwenye karatasi wakazibana mgongoni kwa pini. Karatasi na manyunyu, wakuu. Kabla ya mshiriki wa pili namba zote zilikuwa zimeloana, zimedondoka, zinaelea kwenye kidimbwi.

Kwa hiyo pale uwanjani una watu saba wa bluu wenye vichwa vya bodaboda. Hata mama mzazi asingemjua mtoto wake. Kwa kweli nasema hivyo kujitetea.

Sasa utaratibu wa Mwalimu Sanga. Huu ndio uliotumaliza.

Saa tatu asubuhi, hata mtu hajavaa kiatu, akatugawia fomu na penseli. Akasema tuanze na makadirio. Tukashangaa. Akatueleza taratibu, kama yuko darasani, kwamba yeye kwa miaka yote anapoamua kwaya huwa anaanza kwa penseli. Kila mshiriki ana kiwango chake kinachojulikana. Unaandika kiwango chake kwa penseli kabla, halafu akishamaliza, unapitisha wino. Ukiona cha ajabu unasogeza nusu alama juu au chini. Hivyo kazi inaenda haraka na hakuna kukurupuka.

"Lakini hatujawaona," akasema Mama Mchungaji.

"Tunawafahamu," akajibu Mwalimu.

Aliyefahamika kwa kweli alikuwa mmoja. Neema wa Mlandege. Bingwa wa Iringa miaka mitatu mfululizo, picha yake iko kwenye kalenda ya saluni moja pale mjini. Mwalimu Sanga alimfundisha darasa la nne. Alipofika jina lake hakufikiri hata kidogo, akaandika tisa na nusu kati ya kumi. Mama Mchungaji akaandika tisa. Chairman akachungulia fomu ya Mama Mchungaji, akaandika tisa.

Na mimi, yule mtu wa kunyoosha kidole sebuleni, nikaandika tisa na nusu. Niwe sawa na mkuu.

Tukafika jina la Tusa. "Wa Mbalizi," akasema Mwalimu. "Huyu hatuna kumbukumbu zake. Tano." Chairman, tano. Mama Mchungaji akamwonea huruma, sita.

Wakageuka kwangu. "Wewe ndiye wa Mbalizi, unamjua?"

Nilihisi masikio yanawaka. Nikaona kila mtu anajua. Nikaona hata jenereta linajua. Nikasema, "Namsikia sikia tu," nikainama nikaandika nne na nusu.

Ndiyo wakuu. Nilimpa mpwa wangu alama ndogo kuliko zote mezani, ili nisionekane nampendelea. Someni tena kama hamjaamini.

Mashindano yakaanza. Neema alipangwa wa tatu, Tusa wa sita.

Kumbe kabla ya wa tatu kuingia, gurudumu moja la Neema lilikwama bearing. Akaomba abadilishane zamu na mtu apate muda wa kutengeneza. Tusa akakubali, yeye aingie wa tatu, Neema aje wa sita. Mtangazaji akatangaza, uwanja mzima ukasikia. Sisi tulisikia jenereta. Msimamizi akaandika na karatasi akamletea Mwalimu Sanga mezani. Mwalimu alikuwa anamimina chai. Akaipokea, akaiweka chini ya chupa ya chai isipeperuke, akasema asante.

Hakuisoma.

Kwa hiyo akaingia wa tatu. Sisi wanne pale mezani tunajua huyo ni Neema.

Wakuu, nimeangalia mchezo huu kwa miaka lakini siku ile niliona kitu. Lami imelowa, na yule mtu anapita juu yake kama hana uzito. Akarudi kinyumenyume uwanja mzima, akaruka, akazunguka mara mbili hewani, akatua mguu mmoja, kimya. Mama Mchungaji aliacha andazi mdomoni. Chairman akasimama akapiga makofi na yeye ni jaji.

Mwalimu Sanga akawa anatufundisha huku akitikisa kichwa. "Mnaona huo utulivu? Huo ni wa Mlandege. Huwezi kuupata kwingine."

Mimi machozi yalinilenga. Nikawaza, laiti Tusa wangu angejua kutua hivi.

Halafu nikaona kitu kikaniudhi. Alipofika kwenye spin, kule kujizungusha sehemu moja, mkono wa kushoto aliukunja akauweka nyuma ya kiuno. Ule mkono niliubuni mimi! Nilimfundisha Tusa pale nyuma ya soko, kwa sababu akiachia mkono ulikuwa unagonga matoroli. Hakuna mtu mwingine duniani anaweka mkono vile.

Na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri Neema ametuibia mkono.

Nilikasirika kweli kweli. Nikasema moyoni hawa mabingwa ndivyo walivyo, wanapita vichochoroni kuiba vya maskini. Haikunijia hata sekunde moja kwamba mwenye mkono ndiye huyo hapo mbele yangu.

Lakini nikajikaza kisabuni, nikawa muungwana. Nikapitisha wino kwenye tisa na nusu. Na kwenye sehemu ya maoni nikaandika hivi, neno kwa neno: "Huyu ndiye wa kuigwa. Washiriki wa Mbalizi waje wajifunze kwake."

Wino.

Wakapita wa nne, wa tano. Akaja wa sita. Kwetu sisi huyo sasa ni Tusa.

Mimi sikuangalia. Niliinamisha kichwa kwenye fomu, nikajifanya naandika, kwa sababu niliogopa uso wangu utanisaliti. Nikasikia tu puu. Halafu puu tena. Uwanja ukasema aaah. Moyo wangu ulichanika, wakuu. Nikafikiria mashine ya kushona. Nikafikiria atakavyosema sawa baba.

Mwalimu Sanga akanigusa bega. "Nilisema tano, unaona? Uzoefu huu."

Nikapitisha wino kwenye nne na nusu.

Saa nane Mwalimu akasimama kusoma matokeo. Jenereta lilikuwa limezimwa, uwanja mzima unasikiliza. Wa pili, kijana wa Mafinga, alama nane. Wa kwanza na mshindi wa nafasi ya kambi ya Dar, Neema wa Mlandege!

Hakuna aliyepiga makofi. Watu wakatazamana. Wengine wakaanza kucheka ile ya chini chini.

Neema akaja mbele, helmeti mkononi, anachechemea. Binti mrefu, mpole. Akasema, "Shikamoo Mwalimu. Nadhani kuna makosa. Mimi nilianguka."

Mwalimu Sanga akatabasamu. "Marahaba mwanangu. Hapana, wewe hukuanguka."

"Nilianguka Mwalimu. Mara mbili."

"Huwezi kuwa umeanguka. Tumekupa tisa na nusu."

Wakuu naapa hayo ndiyo maneno yake. Neema akamwangalia, akainua mguu, akaonesha suruali imechanika na goti linavuja damu. "Na hili goti je?"

Mwalimu akaliangalia goti kwa muda mrefu, kama vile goti ndilo linalodanganya.

Hapo ndipo msimamizi akasogea akauliza kama ile karatasi ilisomwa. Karatasi gani? Mama Mchungaji akainua chupa ya chai. Ilikuwa pale, ina duara la chai katikati. Akaisoma kwa sauti. Tusa wa tatu, Neema wa sita.

Mimi damu ilinishuka mpaka kwenye soksi. Yule aliyekuwa anaruka. Ule mkono.

Mngesema basi, imekwisha, badilisheni majina tugawe zawadi. Na mimi nilidhani hivyo. Lakini hamumjui Mwalimu Sanga.

Watu walikuwa wameshazunguka meza, mabegani mwetu kabisa, kila mtu anataka kuona fomu. Mwalimu akavuta miwani, akafikiri, akatoa hukumu. Akasema ni kweli wamebadilishana, lakini alama nazo haziwezi kuhamishwa hivi hivi. Ile tisa na nusu ilitolewa kwa kumzingatia Neema. Kitu kilekile akikifanya huyu binti wa Mbalizi, ambaye hana historia, kinakuwa saba na nusu. Na Neema naye, hata kama ameanguka, ni Neema. Yeye akianguka ni nane na nusu.

Chairman akakokotoa kwa kidole. "Kwa hiyo mshindi bado Neema?"

"Hesabu ndiyo inavyosema," akajibu Mwalimu.

Kuna mama mmoja pale nyuma, ndoo ya nyanya kichwani, akauliza, "Na mimi nikianguka hapa nyanya zikamwagika, utanipa ngapi Mwalimu?" Watu wakacheka mpaka hema likatikisika. Mwalimu hakucheka. Hakuwa anafanya ubaya, hilo nataka mlielewe. Alikuwa anaamini kabisa anachosema, sawa na mimi nilivyoamini kwamba nimeibiwa mkono.

Nikatafuta uso wa Tusa kwenye umati. Alikuwa amesimama na mama yake, helmeti ameishika tumboni. Aliniangalia. Hakusogea, kwa sababu nilimwambia asinisogelee.

Basi, nikasimama. Nikasema, "Mwalimu, samahani. Yule binti ni mpwa wangu."

"Mpwa wako wa damu?" akauliza Chairman.

"Mtoto wa dada yangu. Mama yake yule pale."

Dada akapunga mkono kidogo, kama anatambulishwa kanisani.

Mama Mchungaji akanitazama kwa jicho la ukali, akasema, "Kumbe! Ndiyo maana ulikuwa unampendelea?" Akavuta fomu yangu aonyeshe watu. Akaitazama. Akaitazama tena. "Baba, mbona umempa nne na nusu?"

Wakuu, kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia. Watu walishikana. Chairman alikaa chini kabisa. Halafu Mama Mchungaji, na sijui alikuwa na kisa gani na mimi, akasoma na maoni. "Washiriki wa Mbalizi waje wajifunze kwake." Jenereta lingekuwa linawaka saa hiyo ningelishukuru.

Nikasubiri watulie. Nikasema yaliyokuwa moyoni, na nilisema kwa hasira maana nilikuwa nimejikasirikia mwenyewe. Nikasema hapa mezani hakuna jaji. Tuliandika alama saa tatu asubuhi. Mimi nimemfundisha huyu mtoto miaka minne, najua anavyopumua akitaka kuruka, na amepita mbele yangu sikumjua kwa sababu karatasi iliniambia ni mtu mwingine. Alipoitwa Neema nilimlilia machozi. Alipoitwa Tusa sikumwangalia hata. Kwa hiyo alama zangu zifuteni zote, na mimi nitoeni.

Wakanitoa. Pale pale. Mwalimu Sanga aliandika kwa herufi kubwa "AMEONDOLEWA KWA KUWA NA NDUGU".

Halafu akachukua kifutio, aanze kurekebisha fomu zilizobaki. Mama Mchungaji akafunika fomu yake kwa kiganja. Akasema, "Mwalimu, kifutio ni cha penseli. Sisi tulishapitisha wino. Na wino tuliuweka tukiwa tunamtazama yule mtoto."

Chairman akasema na yeye hafuti, alisimama akapiga makofi na mashahidi wapo.

Mwalimu akabaki na kifutio mkononi. Akamwangalia Neema, nadhani alitaka amsaidie. Neema akasema tu, "Mwalimu, ameskate vizuri kuliko mimi. Niliona."

Mzee akavua miwani akaifuta. Akasoma upya, taratibu, sauti imeshuka. Mshindi, Tusajigwe wa Mbalizi.

Sitaelezea kelele. Dada yangu alicheza peke yake uwanjani hadi khanga ikadondoka.

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya hema. Tusa akanifuata huko, ameshika fomu yangu, sijui nani alimpa. Nikajua naenda kupewa pole au kukumbatiwa. Hapana. Alinyoosha kidole kwenye ile nne na nusu. Penseli ilikuwa bado inaonekana chini ya wino.

Akasema, "Mjomba, hii uliandika kabla sijavaa viatu."

Nikasema ndiyo.

"Nilijua Mwalimu hanijui. Kwake sikutegemea kitu. Nilikuwa nacheza kukuonyesha wewe."

Wakuu, nimeshawahi kuibiwa robota zima, nimeshawahi kulazwa, lakini hakuna kilichowahi kuniuma vile. Nilisema ndaga, asante ya kwetu, nikasema samahani, nikasema mpaka maneno yakaniishia. Akaikunja ile fomu akaiweka mfukoni mwa tracksuit. Kwenye basi la kurudi alikaa na mama yake, mimi nikakaa nyuma na mzigo.

Sasa yuko Dar, wiki ya tano hii. Shemeji alitimiza neno lake, alimsindikiza mwenyewe mpaka kituoni na mkungu wa ndizi.

Wiki nne za kwanza hakunipigia. Juzi akapiga, mchana nikiwa napanga viatu. Nikamuuliza anaendeleaje na hao wenzake, si wana majina makubwa, hawamdharau?

Akasema, "Mjomba, huku hakuna anayenijua hata mmoja. Kocha akitaka kujua nafanyaje, inabidi aniangalie."

Nikamwambia, basi siku ya kwanza ya likizo njoo nyuma ya soko, nitakaa kwenye kreti nikuangalie, bila karatasi wala penseli.

Akasema, "Sawa, mjomba."

Hakusema Jaji. Nilikaa juu ya robota nikalia kama mtoto, mteja akanikuta akadhani nimefiwa.

Nilichojifunza ni kimoja tu, na sikijazi maneno. Yule jaji wa kwenye TV niliyekuwa namtukana miaka yote, alikuwa amekaa kwenye kochi langu.

Najua humu mpo walimu mnaosahihisha mitihani, mpo waamuzi wa kwaya, mpo wenye kampuni mnaofanya interview. Semeni ukweli, nani hajawahi kuandika penseli kabla mtu hajaingia mlangoni? Na wale mtakaonishauri kwamba ningejitoa tangu mwanzo, asanteni, ila dada yangu amewatangulia, ananiambia kila asubuhi anapopita dukani.

Karibuni kwa matusi na maoni. Nasoma yote, na safari hii nasoma kwanza ndiyo najibu.